Athar Tatu

Jumatatu, 19 Mei 2025

Presha 156 kwa 94.

Daktari wa mji wa Ibra kanipa daftari hili niandike presha yangu kila asubuhi mpaka joto liishe. Kurasa zake ni kubwa na presha ni namba mbili tu, basi nafasi iliyobaki naichukua mimi. Naandika kwa Kiswahili. Daktari hakijui, na wanangu wanakisema lakini hawakisomi, kwa hiyo niko salama.

Leo ilikuwa zamu yetu ya maji. Falaji la kijiji chetu ni mtaro unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka mashambani, na maji hayo yana wenyewe, kila mtu na muda wake. Kipimo ni athar, nusu saa. Marehemu mume wangu Mkadam aliacha athar tatu, yaani saa moja na nusu kila baada ya siku kumi. Nyumbani hatulitamki neno hilo. Tunasema zamu, kama tulivyokuwa tukisema Unguja, kabla hatujahamia huku, kwa kila kitu cha kupokezana.

Katika saa moja na nusu ya leo maji yamefika mitende kumi na minane. Tunayo thelathini na mmoja. Mwaka jana wakati kama huu yalifika yote, na midimu ikapata ya mwisho. Niliihesabu nikiwa nimevaa viatu vya mpira, mwanamke wa miaka sitini na saba, nikawa nalitukana jembe.

Alhamisi, 22 Mei

Presha 160 kwa 95, na najua kwa nini. Pampu ya Hashil haikunyamaza tangu alfajiri.

Hashil ni mtoto wa ami yake Mkadam. Shamba lake linapakana na letu upande wa juu, na juu zaidi, karibu na mlima, ana kisima. Mwezi wa pili alileta mashine akasema anakisafisha. Kusafisha gani kwa siku nne, na matope meupe yanatoka chini huko ambako mwanadamu hajapata kufika? Sasa ana kiwanja kizima cha majani ya ng'ombe, ya kijani mpaka yanaudhi macho, na falaji letu limesinyaa. Kuchimba pale hakuruhusiwi, ni ndani ya mpaka wa falaji. Niliandika barua ofisi ya maji kumshtaki. Nimeipeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri.

Bi Khole hajui. Ni mama mkwe wangu, ana miaka themanini na minane, na Hashil anamwita bimkubwa na kumbusu kichwa kila Ijumaa.

Alhamisi, 29 Mei

Zamu. Mitende kumi na sita.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Binti yangu Ibtihal kaja kutoka Maskati na watoto. Hashil kaleta paja zima la mbuzi, keshajua kuhusu barua, na hakusema neno. Nilimshukuru kwa sauti ndogo. Nyama ilikuwa laini, nami nilitamani iwe ngumu.

Jumapili, 8 Juni

Zamu. Kumi na tano. Midimu miwili imepukutisha majani yote.

Jumatano, 11 Juni

Presha sikupima hapa, wamenipima Ibra. Wamesema nipunguze chumvi na hasira. Chumvi naiweza.

Niliporudi, Mosi kaniambia alikuja mgeni wa ofisi. Mosi ni wa Tanga, mwaka wa sita sasa anamhudumia Bi Khole, na nyumba hii bila yeye ingekuwa imelala chini. Mgeni mwenyewe ni kijana anaitwa Maen, anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha maji. Ofisi inataka kila kitu kiingie kwenye kompyuta. Bi Khole anamsifu tangu mchana.

"Kijana ana adabu! Kanipa shikamoo. Bibi yake mzaa mama ni wa Malindi, Unguja, pale pale karibu na kwetu. Kajitahidi kusema Kiswahili na mimi, maskini, kinamkwama kama mwiba wa samaki."

"Kakuuliza nini, Mama?"

"Kaniuliza hali tu. Kanywa kahawa mbili, kaandika, kaondoka."

Jumatano, 18 Juni

Zamu. Kumi na minne. Joto nyuzi arubaini na saba kivulini.

Nilikaa ukingoni mwa mtaro miguu ndani ya maji, na nikakumbuka ubao wangu. Miaka ishirini na sita nimewafundisha wasichana jiografia Ibra. Nilikuwa nachora mlima, mvua, wadi, yaani bonde linaloshusha maji ya mvua, ardhi, falaji, shamba, na mishale ya buluu kuonyesha maji yanavyopita. Mishale ilikuwa mizuri. Haukuwepo hata mmoja uliokwenda kwenye pampu ya mtu.

Ijumaa, 27 Juni

Presha 150 kwa 90. Hakuna kilichotokea, na ndiyo maana.

Jumapili, 29 Juni

Wakili wa falaji, yule anayesimamia zamu zetu, kabandika orodha mpya ukutani karibu na msikiti. Kuanzia tarehe mosi maji yatagawiwa kwa orodha hiyo. Nilikwenda kuitazama kwa ajili ya kutazama tu. Jina la Mkadam lipo, herufi zote zipo, na mbele yake pameandikwa sifuri.

Nilimfuata wakili dukani. Akanitazama kwa huruma ambayo siipendi.

"Ustadha, hii si mimi. Imetoka ofisini hivi hivi. Kwenye fomu imeandikwa mwenye nyumba kasema hana athar."

"Nani kasema?"

"Bi Khole. Na kaweka dole gumba."

Nikarudi nyumbani nikamweka Mosi kitako jikoni. Mosi ana kichwa cha kushika maneno, unaweza kumtuma sokoni na mambo ishirini bila karatasi.

"Mama, mi nilikuwepo, nilikuwa namimina kahawa. Kasema hivi: 'Bibi, iko athar ya maji hapa kwenu?' Bibi akamjibu, 'Hakuna athari yoyote, mwanangu, alhamdulillahi. Tuko salama.' Yule kaka akauliza tena, 'Hata kidogo?' Bibi akasema, 'Hata chembe.' Akaandika."

"Na wewe hukusema kitu?"

"Ningesema nini, mama? Na mimi nilisikia athari. Nikajua anauliza kama maji yametudhuru."

Nikakaa pale pale kwenye kigoda. Kijana kaona bibi wa Unguja, moyo umemlainika, kaiacha lugha anayoijua ili amfurahishe kwa lugha asiyoijua. Na bibi naye kalelewa kwamba mgeni akikuuliza kama umedhurika, unamwambia huna neno, hata kama paa limekuangukia. Laiti angemuuliza kwa Kiarabu, Bi Khole asingeelewa, angeniita mimi. Tumepoteza maji kwa adabu, wao wawili wakinywa kahawa.

Jumatano, 2 Julai

Presha 171 kwa 99. Nimekwenda ofisini. Mzee wa dirishani kaniambia kosa linarekebishika, lakini dole gumba ni dole gumba. Wanataka mashahidi wawili wenye hisa katika falaji hili, mmoja wakili, na mwingine lazima awe jirani wa kupakana. Jirani wa chini yetu kafa, warithi wake wametawanyika na shamba wamelitupa. Jirani wa juu ni Hashil.

Nilicheka mbele ya yule mzee. Akadhani nina wazimu, akaniletea maji ya chupa.

Alhamisi, 3 Julai

Sikulala mchana. Sijamwambia Bi Khole.

Jumanne, 8 Julai

Zamu ilikuwa leo saa tatu asubuhi. Maji yamepita mbele ya lango letu bila kuingia. Nilisimama nayatazama. Wakili alikuwapo, kaziba mlango wetu kwa jiwe na tambara kama orodha inavyotaka, na hakuthubutu kuninyanyulia uso.

Bi Khole alikuwa kwenye kiti chake uani. Masikio yake mabovu kwa watu lakini maji anayasikia.

"Fawziya, mbona yanapita?"

Ikabidi nimwambie. Nilimwambia polepole, nikimtafutia maneno yasiyouma, lakini yeye si mtoto. Aliitazama mitende, ule mmoja hasa, mkhalas uliopandwa na Mkadam kwa mkono wake mwaka tuliohamia hapa. Kila mwaka tende za kwanza za mti ule ni za Bi Khole.

"Mdomo wangu huu," alisema. "Mdomo wangu umeunyima mti wa mwanangu maji."

"Si wewe, Mama. Neno lenyewe limekuwa na ncha mbili."

"Usinibembeleze. Miaka hamsini na kitu niko nchi hii, na neno la maji yangu mwenyewe silijui." Alikataa chakula cha mchana, na cha jioni akala vijiko viwili kwa ajili ya Mosi.

Alhamisi, 10 Julai

Presha 168 kwa 98.

Hashil kaja baada ya alasiri. Nilijua atakuja, kijiji hiki hakina siri. Alikaa barazani, akanyonya kahawa yake, akazungusha kikombe. Kazeeka. Nilikuwa sijamtazama vizuri tangu mwezi wa pili, nilikuwa naitazama pampu yake tu. Ana macho ya mtu anayelala kidogo.

"Shemeji," alisema, "mimi ni shahidi wenu. Athar tatu, wallahi, nazijua tangu enzi za mzee. Lakini niambie wewe, ustadha mwenye akili. Nitasimamaje ofisini nimshuhudie mtu aliyenishtaki ofisi hiyo hiyo? Watu watanicheka."

"Unataka niifute barua."

"Ifute, khalas, yameisha, kesho yake tunakwenda sote na gari yangu."

"Na kisima?"

"Kisima kina nini?"

"Kinanyonya falaji, Hashil! Ukiniandikia athar tatu na huku unayavuta maji juu, umeniandikia nini?"

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Falaji lilianza kufa kabla ya kisima changu. Lilianza siku walipojenga lile bwawa huko juu. Wadi ilikuwa inashuka mwaka mara mbili, mara tatu, inapita hapa inanywesha ardhi. Sasa mvua ikinyesha yote yanasimama kule nyuma ya ukuta, tope limetuama chini, hayazami, yanakaushwa na jua. Nani aliwapeleka wanafunzi siku ya kufungua? Mabasi mawili. Walipiga makofi. Mimi nilikuwepo, shemeji, nilikuona umeshika bendera ndogo."

Nilikuwa nimeishika kweli. Niliwafanya wasichana wauchore ule ukuta, tukazibandika picha ukumbini, na mimi mwenyewe nikaongeza mshale wa buluu.

"Mimi nimeyafuata maji yalikokwenda," alisema Hashil. "Nina watoto watatu hawana kazi. Majani yale ndiyo yanawalisha."

Akamwendea Bi Khole, akambusu kichwa, akaondoka.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemchukia mpaka adhuhuri. Baada ya hapo nilichoka.

Jumatatu, 14 Julai

Kijijini wanachemsha tende za mabsli, zile za kuchemshwa na kuanikwa. Moshi umejaa kila mahali na harufu yake tamu imeingia mpaka kwenye nguo. Mwaka huu sisi hatuchemshi. Mosi kashusha kichala kimoja tukaangalia: tende ndogo, ngozi imejikunja, kokwa imekuwa kubwa kuliko nyama. Kawapa mbuzi.

Ijumaa, 18 Julai

Zamu ya pili imepita lango. Nilijifungia ndani nisiyaone, lakini Bi Khole alinisimulia kutoka kitini kwake, yanaanza, yanapita, yamekwisha. Mdimu wa karibu na kisima chetu kilichokauka zamani umekufa kabisa. Mosi anabeba ndoo za maji ya bomba kuupelekea mkhalas, asubuhi na jioni, bila mtu kumtuma. Nilimkuta anauzungumzisha.

Jumatatu, 21 Julai

Presha 174 kwa 101. Niandike nilichokifanya.

Nimezungumza na Ibtihal kwa simu. Kaniambia, "Mama, simamia haki yako, usifute." Ni rahisi kusimamia haki kutoka Maskati, bomba likifunguliwa maji yanatoka. Nikasema nitafikiri. Lakini nilikuwa nimekwisha fikiri siku kumi. Nikishikilia barua, ofisi italeta wakaguzi, huenda mwaka huu, huenda mwakani, na huenda wakakubaliana na mimi. Wakati huo mitende itakuwa magogo na sisi kwenye kompyuta ni sifuri. Nikiifuta, nina athar tatu za falaji linalonyonywa. Nilitafuta njia ya tatu. Haipo, au ipo na mimi nimechoka kuiona.

Saa nne nimekwenda na Hashil kwa gari yake. Alinifungulia mlango. Njiani aliniuliza mara moja tu kama baridi ya gari inanizidi. Nimetia saini kuifuta barua. Dirisha la pili yeye katia saini kwamba marehemu Mkadam ana athar tatu, wakili naye akatia. Robo saa yote imekwisha. Yule mzee wa dirishani alifurahi sana, akasema hivi ndivyo ndugu wanavyotakiwa kuwa.

Jumatano, 23 Julai

Maen kaja kusahihisha fomu. Lazima mwenye dole gumba aulizwe tena, ndiyo taratibu. Nilikuwa nimemuandalia maneno makali tangu Juni. Kaingia na boksi la halua mkononi, masikio mekundu, na kabla sijafungua mdomo kapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Khole.

"Bibi, samahani. Mimi nilisema vibaya. Kiswahili yangu mbovu."

"Si mbovu, mwanangu. Changa. Inuka, magoti yatakuuma."

Bi Khole alikuwa amevaa kanga yake ya kutokea, na tangu asubuhi Mosi alikuwa anamkaririsha neno athar kama mtoto wa madrasa. Kijana akatoa ile kompyuta yake bapa, akauliza kwa Kiarabu safari hii, nami nikatafsiri, ingawa Bi Khole hakunisubiri.

"Athar tatu," alisema, kila herufi mahali pake. "Tatu. Za mwanangu Mkadam."

Maen akaandika. Akamwonyesha ile tatu kwenye kioo, na Bi Khole akaigusa.

"Sasa andika na athari," alisema.

"Nimeandika, bibi. Tatu."

"Hiyo ni athar. Mimi nasema athari. Siku ile uliponiuliza nilisema hakuna, nikakudanganya kwa sababu ulikuwa mgeni. Ipo. Midimu imekufa. Tende wamekula mbuzi. Mtaro una mchanga mahali ambapo samaki wadogo walikuwa wananigusa vidole. Andika."

Nilimtafsiria Maen neno kwa neno. Alitafuta kwenye kioo, akapandisha, akateremsha, na nilimwonea imani.

"Bibi, hiyo haina mahali hapa," alisema mwishowe. "Lazima mtu alete barua ofisini. Barua ya malalamiko."

Bi Khole akanigeukia mimi. "Fawziya anajua kuandika. Ataandika."

Nikasema inshallah.

Jumatatu, 28 Julai

Zamu yetu, kwa jina letu. Mitende mitano.

Jumapili, 3 Agosti

Presha 158 kwa 93. Mvua kubwa milimani. Tulisikia radi, tukaona weusi, na Bi Khole akataka atolewe nje aione wadi ikishuka. Tulikaa mpaka magharibi. Wadi haikushuka. Mtoto wa Hashil katuonyesha picha kwenye simu: bwawa limejaa, watu wa mjini wanapiga picha na mikeka yao.

Alhamisi, 7 Agosti

Zamu. Mtende mmoja na nusu. Wa nusu ni mkhalas.

Jumatatu, 11 Agosti

Bi Khole kaniuliza kama ile barua nimekwisha kuiandika. Nimesema bado. Kasema nisicheleweshe. Nilitaka kumwambia kwamba ya kwanza nimeifuta kwa mkono wangu, sikuthubutu. Naona haya. Nimemficha mwanamke wa miaka themanini na minane kitu ambacho angekielewa kuliko mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Zamu. Maji yamefika langoni, yakalowesha jiwe.

Jumatano, 27 Agosti

Presha 149 kwa 90. Daktari atafurahi.

Zamu ilikuwa saa tatu. Nilivaa viatu vya mpira nikashika jembe, nikalifungua lango, nikasubiri. Mtaro ulikuwa mkavu. Kulikuwa na mjusi katikati yake, katulia kama mwenye hati. Wakili alisimama na saa yake mkononi, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Zamu yenu imeanza, ustadha," maana hiyo ndiyo kazi yake, akaenda zake.

Baada ya dakika chache nikasikia kitu kinakwaruza ukutani. Mpira wa maji umeteremka kutoka upande wa Hashil, mpya, mnene, na nyuma yake uso wake juu ya ukuta.

"Shemeji, niwekee kwenye mkhalas wa bimkubwa. Nimeona mtaro mkavu."

Niliuburuta mpira mpaka kwenye mti. Maji yalitoka kwa nguvu, baridi, meupe kwa hewa, halafu yakatulia yakawa safi. Yalijaza shimo la mti wa kwanza, yakamwagika kwenye la pili, yakaenda mpaka la kumi na moja. Mosi alikuwa anakimbia na jembe kuyaongoza, anacheka. Alimchotea Bi Khole kikombe. Bi Khole akaonja, akayashika mdomoni kabla ya kumeza.

"Haya ni yetu," alisema. "Ya falaji. Nayajua. Yamerudi?"

"Yamerudi kwa njia nyingine, Mama. Hashil katupa."

Aliufuata mpira ule kwa macho mpaka ukutani. Kisha akanitazama, na nikajua sina haja tena ya kumwambia kuhusu barua.

"Umemwambia ahsante?"

"Nitamwambia."

Saa nne na nusu mpira ulitikisika ukakauka. Nilitazama saa. Saa moja na nusu kamili. Hashil ni mtu mwaminifu, katupa athar tatu, hakupunja hata dakika. Nikaenda mpaka chini ya ukuta nikaita jina lake, nikamwambia ahsante, na nikaukunja mpira vizuri ili aweze kuuvuta.